Punda wa Dodoma na dhana zetu sisi tunaowatetea

Nilipoanza kujitolea kutetea wanyama nilikuwa na hotuba moja tu, na niliipeleka kila kijiji nilichofika wilayani Chamwino: punda anaumia, punda ana hisia, mhurumieni. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakapiga makofi. Kesho yake punda walewale walipita na madumu ya maji, vidonda vilevile shingoni. Nilikuwa nimekwenda kufundisha watu ambao sijawasoma, wakati wanasosholojia na wanasaikolojia wamekuwa wakichunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyobadilika. Hizi hapa ni dhana tulizokuwa nazo, na kilichozikosoa.

Dhana: Watu wanawaumiza wanyama kwa sababu hawajui.

Mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka kwa punda wake. "Mwanangu, unadhani mimi kidonda hiki sikioni?" Kidonda kilikuwa na ukubwa wa kiganja, kimepakwa oili chafu ya gari ili nzi wasitue. Alikuwa akikiona kila asubuhi, na kilimuuma moyoni.

Tatizo lilikuwa nira. Ile ni nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu wa Kigogo ana nundu, nira inakaa mbele ya nundu naye anasukuma. Punda hana nundu. Yeye huvuta kwa kifua, kwa hiyo nira humlalia juu ya mfupa na kumchubua. Anachohitaji ni mkanda mpana wa kifuani, wenye kitambaa laini ndani. Mzee alikuwa radhi kuununua, ila hapakuwa na fundi wa kuushona pale kijijini. Hotuba yangu ingemsaidia nini? Siku hizi swali langu la kwanza kwa mwenye punda ni "nini kinakukwamisha?"

Dhana: Ukitaka kujua watu wanafanya nini, waulize.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani na mtu na mkewe, Wachina, wakati Wachina wakibaguliwa sana nchini humo. Katika hoteli na migahawa zaidi ya 250 walikataliwa mara moja tu. Baadaye akaziandikia sehemu hizohizo kuuliza kama zingempokea mgeni Mchina. Kati ya zilizojibu, zaidi ya asilimia 90 zilisema hapana. Aliyachapisha hayo mwaka 1934, na tangu hapo watafiti wanajua kwamba jibu la mtu na tendo lake ni vitu viwili.

Kwetu mambo huenda kinyumenyume: hakuna atakayemwambia mgeni mwenye daftari kwamba anampiga punda wake. Kwa hiyo kaa kivulini karibu na bomba, salimia "mbukwenyi", kisha hesabu kwa macho yako.

Dhana: Tukitangaza kwamba wengi wanatesa punda, watu wataona aibu.

Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi, maana inaharibu kabisa. Katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, wageni huokota vipande vya miti iliyogeuka mawe. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walijaribu mabango mawili. Lililosema wageni wengi wameshachukua vipande lilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vilivyowekwa alama. Lililoomba tu watu wasichukue, chini ya asilimia 2. Mtu akisikia "wengi wanafanya", anaelewa kwamba ndiyo kawaida. Basi msifuni hadharani yule mama ambaye punda wake hana kidonda, na wengine waone.

Dhana: Picha ya kutisha inatosha.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965, wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, walipewa maelezo kuhusu pepopunda. Waliotishwa sana hawakwenda kuchanjwa kwa wingi zaidi kuliko waliotishwa kidogo. Waliokwenda kwa wingi, kama asilimia 28 dhidi ya 3 ya waliopewa maelezo tu, ni wale walioongezewa ramani ya zahanati na kusaidiwa kupanga saa ya kwenda. Ramani yetu sisi ni jina la fundi wa mikanda na siku anayopatikana.

Dhana: Sheria ipo, inatosha.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ni ya mwaka 2008. Haimshonei mtu mkanda.

Dhana: Vidonda vikipungua, kampeni imefanya kazi.

Kampeni yetu moja tuliianza Oktoba, bomba zikiwa na foleni na punda wakitembea mwendo mrefu na maji. Februari nikahesabu tena. Vidonda vimepungua, nikaandika ripoti kwa furaha. Kisha nikapita kijiji cha jirani ambacho hatukuwahi kukanyaga. Huko navyo vilikuwa vimepungua. Mvua zetu huja mara moja kwa mwaka, Desemba hadi Aprili, na zikinyesha maji hupatikana karibu, punda wanapumzika, ngozi inapona yenyewe.

Sasa tunachukua vijiji viwili, tunachagua kwa kura ya vikaratasi kijiji cha kuanza nacho, na vyote viwili tunavihesabu siku moja, alfajiri, kabla mikokoteni haijaondoka bombani.