Je, wajua juu ya nini kadege ka mafunzo kanaanguka na motere ingali inaunguruma?

Kadege ka wanafunzi kakianguka karibu na uwanja, hapa Lubumbashi neno la kwanza utasikia ni "motere ilizimika". Mara mingi motere haina kosa, kilichoacha kazi ni bawa. Bawa linabeba ndege kama linapokutana na upepo kwa pembe ndogo, ukivuta pua juu sana mpaka ile pembe inafika digri 15 ao kupita kidogo, hewa inabanduka juu ya bawa na ndege inaporomoka hata kama umesukuma gazi yote. Njo marubani wanaita dekroshaji.

Pahali pabaya zaidi ni kona ya mwisho mbele ya kutua. Mwanafunzi wa Cessna 172, kale kadege kadogo ka mafunzo, anaangalia saa ya mwendo, inasema kilomita 120 kwa saa, yeye anaona mambo iko sawa. Lakini Luano, uwanja wetu wa ndege, iko mita 1,300 hivi juu ya bahari, na ile joto yetu ya mwezi wa 10, digri 33, inafanya hewa inakuwa nyepesi sana, ndege inajisikia kama iko mita 2,200 na zaidi. Saa itabakia kwa 120 wakati ndege inakimbia karibu 135, na kona inapanuka karibu robo nzima! Basi anapita mstari wa piste, ile barabara ya kutulia, anashtuka, anasukuma pedali ya mkia kwa mguu, analaza bawa, anavuta usukani.

Kulaza bawa kunakula akiba yake ya mwendo. Ukiinama digri 60 na bado unalinda kimo, mwendo wa chini wenye bawa linaweza kubeba unapanda 41%. Bawa la ndani linaacha la kwanza, ndege inaanza kujizungusha, na pale iko mita 150 hivi juu ya udongo, kuitoa mule kunaomba karibu mara mbili ya kile kimo.

Onyo liko lakini. Kwenye Cessna nyingi za masomo, mbele ya bawa la kushoto kuko katundu kadogo, bawa likikaribia kuacha, hewa inavutwa mule na kupiga filimbi ndani ya kabini. Ukiisikia, legeza mkono, pua ishuke, nyoosha mabawa, weka gazi yote, panda, zunguka tena. Mimi ningetaka kila mwalimu amwambie mwanafunzi mapema kwamba kukosa piste si aibu, ile ya Luano inapita kilomita 3 na Cessna inaomba mita mia chache tu.