Je, wajua kwa nini mdukuzi huifikia hata seva ya hoteli ndogo ya Paje?

"Nani atatujua sisi huku?" Ndilo jibu utakalopewa ukimuuliza mwenye hoteli ya vyumba kumi Paje, Unguja, au mwenye duka la jumla Chake Chake, Pemba, kwa nini kompyuta yake ya hesabu haina kinga yoyote. Jibu hilo si la kijinga. Mwizi tunayemjua sisi huchagua nyumba: huchungulia nani ana mali na nani amesafiri. Mdukuzi wa mtandaoni hachagui hivyo.

Kila mashine iliyo wazi kwenye intaneti ina anwani yake ya namba. Kwa mfumo wa zamani wa anwani, ambao bado umeenea duniani, zote pamoja ni kama bilioni 4.3. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu iitwayo ZMap ambayo, kwa kompyuta moja tu yenye intaneti ya kasi, iliweza kuzipitia anwani hizo zote chini ya dakika 45. Mbele ya programu ya namna hiyo Paje na New York ni namba tu. Ni kama mtu anayepita vichochoro vya Mji Mkongwe usiku akisukuma kila mlango: hana habari nani amelala ndani, anatafuta ulioachwa bila komeo.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, mwambie fundi wako akufungulie logi ya seva, ile kompyuta inayozihudumia nyingine; logi ni kumbukumbu za walioingia na waliojaribu kuingia. Kama seva iko wazi kwenye intaneti, utakuta mistari kwa mamia. Saa nane usiku, jaribio kwa jina "root", limekataliwa. Sekunde mbili baadaye "admin", limekataliwa. Halafu "test", halafu "root" tena kwa nywila nyingine. Hakuna mtu aliyekesha kuifanya kazi hiyo. Ni programu, na haisinzii, na usiku itakaokutana na nywila kama "Zanzibar123" itapita moja kwa moja.

Mlango ninaoukuta wazi mara nyingi ni ule wa kuiendesha kompyuta kwa mbali. Tajiri anaishi Dar es Salaam au Muscat na anataka kuona mauzo ya kila siku. Fundi anamfungulia njia, analipwa, anakwenda zake, na njia inabaki wazi kwa miaka. Hata wakubwa huanguka hapo hapo. Mei 2021 kampuni ya Marekani ya Colonial Pipeline ilisimamisha bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa baada ya wadukuzi kuingia kwa akaunti moja iliyokuwa haitumiki tena, ila haikufungwa, na iliyolindwa kwa nywila peke yake. Kampuni iliwalipa wadukuzi hao fidia ya bitcoin 75, karibu dola milioni 4.4. Kuweka uthibitisho wa pili, ile namba inayotokea kwenye simu yako kila unapoingia, mara nyingi hakugharimu chochote.

Na hoteli ndogo ina nini cha kuibwa? Ina pasipoti. Mgeni anafika mapokezi, mfanyakazi anaipiga picha pasipoti yake kwa simu yake mwenyewe, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, kisha inahifadhiwa kwenye kompyuta ya kaunta. Nakala tatu tayari, na hakuna hata moja iliyofungwa. Novemba 2018 kampuni ya hoteli ya Marriott ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa ndani ya mfumo wa kuwekea nafasi wa Starwood, kundi la hoteli lililo chini yake, tangu 2014, na Januari 2019 ikaongeza kwamba zaidi ya namba milioni 5 za pasipoti zilikuwa zimehifadhiwa bila kusimbwa, yaani yeyote aliyezifikia angezisoma. Mimi naona hili ni suala la heshima ya mgeni kabla ya kuwa suala la kompyuta. Ukishatimiza sheria inachotaka, picha zilizobaki kwenye simu zifutwe.

Kuna wale wasiotaka kuiba bali kukufungia. Virusi vyao huyasimba mafaili yako yote yasifunguke, kisha wanadai fidia. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150 kupitia kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa yake miezi miwili nyuma, Machi 14. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka. Huku kwetu watu huzima masasisho ili kuokoa bando, au wanatumia Windows isiyo na leseni. Bando linalookolewa hapo ni dogo mno ukilipima na hesabu za duka za miaka mitano.

Mwezi uliofuata, Juni 27, ikaja NotPetya. Hii ilijifanya ya kudai fidia, kumbe ilikuwa ya kuangamiza tu. Maersk, kampuni ya meli za makontena, ilipoteza mashine zote zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana. Ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na wakati virusi vinapita yenyewe haikuwa kwenye mtandao. Intaneti ya kule ilikuwa ndogo mno kuituma data hiyo Uingereza, basi ikasafirishwa kwa ndege, mkono kwa mkono kupitia Nigeria. Baadaye kampuni ilisema ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000.

Kilichoiokoa Maersk ni nakala moja iliyokuwa imetengana na mtandao. Ndiyo maana diski ya nje inayochomekwa kwenye seva mwaka mzima si kinga: virusi vikiingia vinaisimba nayo. Kuwa na diski mbili za kupokezana, moja ikae nyumbani, mbali na hewa ya chumvi ya pwani, na nakala nyingine iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Unguja ilikaa bila umeme wa Bara kwa miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, na tangu hapo hakuna mfanyabiashara anayehitaji kuelezwa jenereta ni ya nini. Nakala ya data inastahili bajeti hiyo hiyo.

Na ijaribiwe. Kila mwezi chukua faili moja kutoka kwenye nakala, lifungue kwenye kompyuta nyingine, uone kama linasomeka.

Ikitokea umeshashambuliwa, chomoa waya wa mtandao na ukate Wi-Fi, lakini usiizime mashine, kwani ushahidi mwingine uko kwenye kumbukumbu inayofutika ikizimwa. Upige picha ujumbe wa wadukuzi, umwite fundi, uende polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa la jinai hata kama hakuna kilichochukuliwa.