Je, wajua kwa nini kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai Tanzania, na Kenya ilitokaje huko?

Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, hakizidi mstari mmoja: mtu yeyote anayejaribu kujiua anatenda kosa. Adhabu haikutajwa hapo. Iko kifungu cha 35, kinachosema kwamba kosa lisilowekewa adhabu yake mahususi lina kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Kenya ilikuwa na kifungu cha maneno hayo hayo, namba 226, hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba.

Kufanana huko kuna asili yake. Mwaka 1899 koloni la Queensland, Australia, lilipitisha kanuni ya jinai iliyoandikwa na Samuel Griffith. Waingereza waliifanya kiolezo, wakaipeleka Nigeria, kisha mwaka 1930 wakaileta Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndani yake mlikuwa na wazo la Kiingereza la zamani sana, kwamba anayejitoa uhai anamwibia mfalme raia wake. Huko Uingereza mali ya marehemu wa namna hiyo ilitaifishwa, na utaratibu huo ulifutwa mwaka 1870 tu. Kosa lenyewe Waingereza waliliondoa kwa sheria iliyopata saini ya Malkia tarehe 3 Agosti 1961, miezi 4 kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Sisi tulibaki nalo.

Wapo wanaosema kifungu hiki kinalinda imani zetu. Ni kweli kwamba Uislamu na Ukristo vyote vinakataza mtu kujiua. Lakini kuna mambo mengi ambayo dini zetu zinayakataza na Kanuni ya Adhabu haiyagusi, wala hatuoni kwamba imani imepungukiwa. Na shehe au padri anayekwenda wodini kumwona mgonjwa haendi na pingu.

Tuangalie basi kifungu kinavyofanya kazi, maana madhara yake yamo humo. Mgonjwa anafikishwa hospitali. Jeraha likitiliwa shaka, mapokezi huulizia PF3, ile fomu ya polisi (Kenya ni P3). Ndugu mmoja anatumwa kituoni, na pale kituoni lazima aeleze kilichotokea. Akisema kweli, amekwisha kumshitaki mgonjwa wake. Jalada linafunguliwa, na hata kabla mgonjwa hajaweza kukaa kitandani, askari anaweza kuja kuchukua maelezo. Akipata nafuu anaweza kutoka wodini kwenda mahabusu badala ya kwenda kliniki ya afya ya akili, halafu akasomewa shtaka mbele ya hakimu.

Hapo mwendesha mashtaka anatakiwa kuthibitisha mambo mawili: kwamba kuna kitendo, na kwamba kitendo hicho kilikuwa na nia ya kufa. Kitendo huonekana kwenye taarifa ya daktari. Nia je? Mara nyingi shahidi wake ni mshtakiwa mwenyewe. Anayesema "nilikosea, sikukusudia" humwachia mwendesha mashtaka kesi dhaifu. Anayesema "nilikuwa nimechoka, nilitaka kufa" amejitia hatiani kwa kinywa chake. Wengi hukiri shtaka siku ya kwanza, bila wakili, ili jambo liishe. Hakimu mwenye huruma humwachilia kwa masharti au humpa kifungo cha nje. Lakini hata hivyo ametiwa hatiani, na Kenya rekodi kama hiyo ilikuwa ikimsubiri mtu siku anapoomba cheti cha tabia njema ili aajiriwe. Watoto nao hawako nje ya hatari hii: kijana wa miaka 13 ameshavuka umri ambao Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamkinga mtoto dhidi ya kuwajibika kijinai.

Kwa hiyo sheria hii humwadhibu zaidi yule anayesema kweli, na kusema kweli ndiko kunakomwokoa mgonjwa. Daktari wa zamu anahitaji kujua mambo matatu haraka: mgonjwa ametumia nini, kiasi gani, na saa ngapi. Matibabu hutofautiana kwa majibu hayo, na baadhi ya dawa hufanya kazi vizuri zaidi zikitolewa mapema. Familia inayoogopa polisi husema "alikunywa kwa bahati mbaya", au hupunguza kiasi, au husubiri nyumbani ione kama hali itatulia. Saa zinakwenda. Akinusurika kwa hadithi hiyo, kadi yake itaandikwa ajali, na ajali haipelekwi kwa daktari wa akili. Anaruhusiwa kurudi katika nyumba ile ile, kwenye deni lile lile au ndoa ile ile, na hakuna aliyemuuliza lolote.

Hili ni zito kwa sababu aliyewahi kujaribu kujiua ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wengine ya kufa kwa njia hiyo baadaye, na wiki za mwanzo baada ya kutoka hospitali ndizo mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na waliojaribu wakabaki hai ni wengi mno kuliko hao. Hawa wako mbele yetu, tunaweza kuwafikia.

Kuwafikia kunaonekanaje? Utafiti wa WHO uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watu 1,867 walioletwa hospitali baada ya kujaribu kujiua katika nchi 5: Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Nusu walipata huduma ya kawaida. Wengine waliongezewa mazungumzo ya saa 1 kabla ya kuruhusiwa, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara 9: wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 7 na ya 11, halafu mwezi wa 4, wa 6, wa 12 na wa 18. Baada ya miezi 18, waliokufa kwa kujiua katika kundi la kawaida walikuwa asilimia 2.2. Katika kundi lililofuatiliwa walikuwa asilimia 0.2. Huduma hiyo haikutaka mashine wala dawa ya gharama. Muuguzi mwenye simu na daftari la tarehe anaiweza, hata katika hospitali ya wilaya.

Ila anahitaji jina la kweli na namba ya simu inayopatikana. Penye kesi ya jinai, mgonjwa hutaja jina la uongo, hutoa namba isiyopatikana, au hutoroka wodini usiku kwa kuwa amesikia askari anakuja asubuhi. Ukiniuliza mimi, kosa kubwa la kifungu cha 217 liko hapa kuliko katika ile miaka 2 ya kifungo: kinakata mawasiliano katika majuma yale ambayo mawasiliano ndiyo tiba.

Hoja ya kwamba hofu ya jela humzuia mtu inasikika vizuri mpaka umfikirie mlengwa. Mtu aliyefika mahali pa kuona hana kesho hapigi hesabu ya kifungo cha miaka 2. Sri Lanka, iliyokuwa miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu kabisa duniani katikati ya miaka ya 1990, ilifuta kosa hili mwaka 1998. Viwango havikupanda. Kufikia mwaka 2005 vilikuwa vimeshuka kwa takriban nusu, na sababu kubwa ilikuwa kupiga marufuku viuatilifu vikali zaidi vya mashambani. Huo ndio udhibiti unaookoa watu, na sheria ya kuutekeleza humlenga mwagizaji na muuzaji, si mgonjwa.

Polisi nao huuliza, kwa haki: kosa likifutwa, tutamshika mtu kwa mamlaka gani tukimkuta hatarini? Singapore ililijibu swali hilo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020 kujaribu kujiua si kosa huko, lakini polisi walipewa mamlaka ya wazi ya kuingia mahali na kumzuia mtu asijidhuru. Mamlaka ya kuokoa yametenganishwa na mamlaka ya kushtaki. Pakistan ilifuta kosa hili mwaka 2022, Ghana na Malaysia mwaka 2023.

India inaonyesha jinsi kifungu kama hiki kinavyoweza kugeuzwa silaha. Irom Sharmila wa jimbo la Manipur aligoma kula kuanzia Novemba 2000 akipinga sheria ya mamlaka maalumu ya jeshi. Alishtakiwa kwa kujaribu kujiua, kosa lenye kifungo kisichozidi mwaka 1, basi akawa anaachiliwa na kukamatwa tena, mwaka hadi mwaka, huku akilishwa kwa mpira wa puani, hadi alipoacha mgomo Agosti 2016.

Kenya ilitokaje? Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili walikwenda Mahakama Kuu pamoja na mlalamikaji mwingine. Katiba ya 2010, ibara ya 22, inamruhusu mtu au taasisi kudai haki kwa niaba ya wengine au ya umma. Jaji aliona kifungu cha 226 kinavunja ibara ya 27 ya usawa, ya 28 ya utu na ya 43 ya afya. Kifungu cha 225 hakikuguswa: anayemshawishi au kumsaidia mwenzake kujiua bado anaweza kufungwa maisha, na ndivyo inavyopasa.

Tanzania njia hiyo ni nyembamba zaidi. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 ya sheria ya kutekeleza haki za msingi, anayefungua shauri lazima aape kiapo kinachoonyesha jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Maana yake ni kwamba mtu aliyejaribu kujiua ndiye ajitokeze hadharani kwa jina lake, juu ya kosa ambalo bado lipo. Ni mzigo mkubwa kumtwisha mtu anayepona. Njia iliyo karibu ni Bunge: muswada wa kufuta kifungu cha 217, kuacha cha 216 kinachomhusu mshawishi, na kuweka bayana kwamba polisi anayemkuta mtu hatarini anampeleka kituo cha afya.

Kwa sasa, ukiwa na mgonjwa wa namna hii, mpeleke hospitali kwanza, na mtu mwingine ashughulikie fomu. Beba kopo au pakiti uliyoikuta. Mwambie daktari ukweli wote, kisha umwombe mgonjwa aonwe na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuruhusiwa. Nyumbani ondoa vitu vya hatari, asiachwe peke yake siku za mwanzo, na umuulize waziwazi kama bado anawaza kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Wewe unayesoma hapa na moyo wako umelemewa, mwambie mtu mmoja leo. Kenya piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Kwa mtoto piga 116, Kenya na Tanzania. Kwa dharura piga 112.