Je, wajua kwa nini jeli ya kujaza midomo haiyeyuki kesho yake?

Nilikuwa saluni hapa Bagamoyo, nywele zimesukwa nusu, akaingia binti mmoja aliyetoka Dar es Salaam. Midomo yake ilikuwa imejaa, inang'aa. Alipotoka kidogo kununua vocha, mwenye saluni akaniuliza: "Shoga, hivi wanachodungwa ni nini hasa?" Nikamjibu bila kusita: "Plastiki hiyo. Silikoni. Ikishaingia haitoki." Wakaniamini wote, maana mimi ndiye msomaji wa mambo ya afya pale.

Nilikosea, na kosa lenyewe naona wengi tunalo. Silikoni ya majimaji kweli ipo, na wapo wanaodungana kwa siri makalioni na matitini. Hiyo huweza kuhama, ikaacha vinundu na maumivu ya miaka; mamlaka ya dawa ya Marekani hairuhusu kuidunga ili kurembesha umbo. Wengine huchanganya na Botox, ambayo haijazi kitu: inalegeza msuli tu. Zipo pia jeli zenye chembechembe za madini ya kalsiamu, aina ileile iliyomo kwenye mifupa. Lakini inayotumika zaidi midomoni siku hizi ni asidi ya hayaluroniki, na hiyo si plastiki hata kidogo. Unayo mwilini sasa hivi unaposoma.

Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwenye macho ya ng'ombe huko New York mwaka 1934. Iko kwenye ngozi, kwenye ute wa magoti, kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Mtu wa kilo 70 ana takribani gramu 15. Ni mnyororo mrefu wa sukari mbili zinazopokezana, na hapa ndipo ninapostaajabu kila nikifikiria: mnyororo wa binadamu, wa jogoo na wa bakteria fulani ni uleule. Zamani waliikamua kwenye upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani. Leo nyingi huzalishwa na bakteria wa jamii ya streptokoki, kisha husafishwa. Kolajeni ya ng'ombe (protini ya ngozi) iliyotangulia kutumika kama jeli ya kujaza, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilidai mtu ajaribiwe kwanza kwenye ngozi kwa hofu ya mzio. Asidi ya hayaluroniki mwili huikataa kwa nadra.

Sasa swali lenyewe. Mwili hubomoa karibu theluthi moja ya asidi hii kila siku na kutengeneza nyingine. Ukiidunga kama ilivyo, baada ya siku chache imekwisha. Iweje midomo ya yule binti ikae miezi?

Jibu nililielewa ufukweni, soko la samaki, karibu na jengo la forodha ya zamani. Mzee mmoja alikuwa anaziba nyavu, uzi kaubana kwa kidole gumba cha mguu. Nikamwamkia, nikamwomba uzi mmoja. Niliutupa majini, wimbi likauchukua. Nikamuuliza: na wavu ukikatika uzi mmoja? Akanionyesha tundu dogo: "Hapa kaa kakata. Wavu si huu hapa, mjukuu wangu? Mpaka akate kwingi."

Kiwandani hufanya hivyohivyo. Huweka kemikali yenye mikono miwili. Mkono mmoja unashika mnyororo huu, wa pili unashika ule. Kila mshiko ni fundo, na nyuzi zilizokuwa zinateleza kila mmoja kivyake huwa wavu. Vimeng'enya vya mwili, yaani protini zinazobomoa asidi hii, ndio kaa wetu: vinakata, lakini kipande kilichokatwa bado kimeshikwa na mafundo mengine, hivyo hakiondoki. Na kwenye macho ya wavu huo ndimo maji yanamokaa. Bomba la sindano la mililita 1 lina kama miligramu 20 tu za asidi. Karibu kilichobaki chote ni maji yenye chumvi. Mafundo yakiwa machache, jeli ni laini, inafaa mdomo. Yakiwa mengi, inakuwa ngumu, inafaa kidevu. Ukiisukuma kwenye sindano hulegea ikapita. Ukiiacha hujikusanya tena.

Inakaa muda gani? Kwa kawaida hutajwa miezi sita hadi mwaka na nusu. Ila picha za ndani ya mwili, za mashine ya MRI, zimeonyesha mabaki kwa baadhi ya watu baada ya miaka kadhaa. Waliopimwa ni wachache, kwa hiyo nisingesema kila mtu yuko hivyo.

Hatari kubwa ni jeli kuingia kwenye mshipa wa damu. Ngozi inaweza kufa, na mshipa unaopeleka damu jichoni ukiziba, mtu anaweza kupofuka. Hapo daktari hudunga kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi, kwa wingi, kikate wavu wote. Sumu ya nyuki nayo ina kimeng'enya cha jamii hiyo, kinachoifungulia njia isambae kwenye ngozi. Silikoni haina cha kuiyeyusha. Huondolewa kwa kisu, na mara nyingi haitoki yote.

Nilirudi saluni Jumamosi nikawaeleza kwamba niliwadanganya bila kujua. Mwenye saluni akauliza: "Sasa ya yule binti ni ipi?" Binti alikuwepo, kwenye kiti cha dirishani. Akafungua simu, akatuonyesha picha ya boksi alilofunguliwa mbele yake: asidi ya hayaluroniki, mililita 1.