Ujamaa haukushindwa kwa sababu nchi ni kubwa

Kila bodi mpya ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao) ninayoifundisha, kabla hatujafungua hata leja, mzee mmoja atasema: "Mwalimu, ujamaa unawezekana kijijini tu, watu wanajuana. Nchi nzima, hapana." Na wenzake wote wanaitikia. Nimechoka kuisikia.

Kwani ujamaa wetu ulishindwa wapi kama si vijijini humohumo? Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu vijijini, ilimpeleka mtu kijijini, akawekwa jirani na watu anaowajua. Kama kujuana kungetosha, tungekuwa mbali. Kilichokosekana ni hiari. Kijiji cha Litowa, kule Songea, kilianzishwa mwaka 1960 na vijana wa TANU kwa kupenda kwao. Walijenga shule, chama chao cha RDA (Ruvuma Development Association) kikanunua mashine ya kusaga nafaka mjini, na mwanachama alikuwa na sauti mkutanoni. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakipiga marufuku chama hicho na mali yake ikachukuliwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Watu wakapakiwa kwenye malori, kwingine nyumba zikachomwa ili wasirudi. Kijiji kikabaki kidogo vilevile, ila anayeamua ekari za shamba la ujamaa sasa yuko wilayani. Mkulima akienda kwenye shamba hilo anaegemea jembe, jasho analiweka kwa ajili ya shamba lake. Msimwite mvivu, mavuno ya lile la pamoja hajui yanaishia wapi.

Na huko kujuana mnakokusifu ndiko kunakoua vikundi ninavyovikagua. Mweka hazina ni shemeji wa mwenyekiti, nani atamdai stakabadhi? Ndiyo maana nang'ang'ania sanduku la kufuli tatu, funguo zikae kwa koo tatu tofauti, na mahesabu yasomwe kwa sauti kila mkutano, hata kama mtunza fedha ni shehe au padri.

Kuna wanaonitajia kibbutz za Israeli. Sawa, ni jumuiya ndogo za kuishi na kumiliki mali kwa pamoja, watu waliingia kwa hiari, ya kwanza ni Degania ya 1910. Hata hivyo madeni ya miaka ya 1980 yalizibana, na nyingi baadaye zikaanza kulipana mishahara tofauti. Udogo haukuzikinga.

Wengine husema: "Kitaifa hakikubaki kitu." Kilibaki: Azimio la Musoma la 1974 ndilo lililosukuma elimu ya msingi kwa kila mtoto, mpango ulioanza 1977. Tuendelee.

Na wapo wanaosema: "Ushirika ndio ujamaa wenyewe." Hapana! KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ni ya 1933, na kila mkulima alibaki na kihamba chake, yaani shamba la familia. Walichounganisha ni kuuza kahawa. Serikali ya ujamaa ndiyo iliyovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikaja kuvirudisha kwa sheria ya 1982. Anayeikataa AMCOS kwa kuogopa ujamaa anakimbia kitu ambacho ujamaa wenyewe ulikifuta.