ZnT8: maana ya protini kuwa shabaha ya dawa na kiashiria cha kisukari

Maandishi ya utafiti wa kisukari hurudia mara nyingi kauli kwamba protini fulani inaweza kuwa shabaha ya dawa na pia kiashiria cha ugonjwa. Kauli hiyo hubeba dhana mbili ambazo, kwa kuwa zimezoea kutajwa kwa pamoja, wasomaji wengi huzichukua kuwa ni moja. Shabaha ya dawa ni molekuli ya mwilini ambayo dawa huishika ili kuizuia au kuichochea, na kwa njia hiyo mwenendo wa ugonjwa ukabadilika. Kiashiria ni kitu kinachopimika, aghalabu katika damu au mkojo, ambacho matokeo ya kipimo chake humjulisha daktari kama ugonjwa upo, unanyemelea, au umeitikia tiba.

Molekuli moja inaweza kufaa kwa jambo moja na isifae kwa jingine. Himoglobini iliyoshikamana na sukari, inayojulikana kwa kifupi HbA1c, ni kiashiria kinachotegemewa sana kwa sababu huonyesha wastani wa sukari ya damu katika miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hata hivyo hakuna anayetibu kisukari kwa kuishambulia himoglobini. Kimeng'enya DPP-4, kwa upande wake, ni shabaha halisi: dawa ya sitagliptini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, hukizuia kisivunje homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ambayo huchochea utoaji wa insulini. Lakini mgonjwa hapimwi kiasi cha DPP-4 ili ijulikane kama ana kisukari.

Protini inayoonyesha vizuri zaidi jinsi dhana hizi mbili zinavyokutana na kuachana ni ZnT8. Hii ni protini ya utando, yenye asidi za amino 369 (vipande vidogo vinavyounganishwa kuunda protini), inayoundwa kwa maelekezo ya jeni SLC30A8 iliyo katika kromosomu ya 8. Ilielezwa mwaka 2004, na ilivutia macho kwa sababu hupatikana kwa wingi katika seli beta za kongosho, yaani seli zinazotengeneza insulini, na kwa uchache mno kwingineko. Kazi yake ni kupitisha zinki kutoka katika majimaji ya seli na kuiingiza katika vijifuko ambamo insulini huhifadhiwa. Uhusiano wa insulini na madini hayo ulijulikana zamani: mwaka 1934 mtafiti D. A. Scott alionyesha kwamba zinki ni miongoni mwa metali zinazoiwezesha insulini kuganda kuwa fuwele, na umbo lililochorwa na kundi la mwanakemia Dorothy Hodgkin mwaka 1969 lilidhihirisha molekuli sita za insulini zikiwa zimejipanga kuzunguka atomu mbili za zinki. Hivyo ndivyo insulini inavyofungashwa ikisubiri kutolewa.

Tuanze na upande wa kiashiria. Kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale mfumo wa kinga unapoziharibu seli beta, na katika uharibifu huo mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya protini za seli hizo. Mwaka 2007 ilibainika kwamba ZnT8 ni mojawapo ya protini zinazolengwa sana: kingamwili dhidi yake zilipatikana kwa asilimia 60 hadi 80 ya wagonjwa waliogunduliwa karibuni, wakiwemo baadhi ambao vipimo vya kingamwili nyingine havikuwa vimeonyesha chochote. Kinachopimwa hapa, basi, si ZnT8 yenyewe bali ni alama ya vita iliyoelekezwa dhidi yake, na tofauti hiyo hupotea kwa urahisi katika vichwa vya habari. Kipimo hicho kimejiunga na vile vya kingamwili dhidi ya insulini na dhidi ya protini nyingine mbili za seli beta, GAD65 na IA-2, na nguvu yake huonekana zaidi kinaposomwa pamoja na hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliowafuatilia watoto tangu utotoni, ulionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya waliokuwa na kingamwili za aina mbili au zaidi walipata kisukari ndani ya miaka 10. Taarifa hiyo si ya kutosheleza udadisi tu, kwani tangu Novemba 2022 ipo dawa iliyoidhinishwa Marekani, teplizumabu, ambayo huchelewesha ugonjwa kwa watu wenye kingamwili hizo ambao sukari yao imeanza kuyumba ingawa dalili bado hazijajitokeza. Hata hivyo teplizumabu haigusi ZnT8. Hushika seli za kinga.

Upande wa shabaha unahusu ugonjwa mwingine, kisukari cha aina ya pili, na historia yake ina funzo kwa yeyote anayeharakia kutangaza shabaha mpya. Mwaka huohuo wa 2007, uchunguzi wa vinasaba vya maelfu ya watu ulionyesha kwamba asidi ya amino iliyo katika nafasi ya 325 ya ZnT8 ina uzito: wenye arjinini, ambalo ndilo umbo la kawaida zaidi katika jamii nyingi, wana hatari kubwa kidogo kuliko wenye triptofani. Maelezo yaliyopendekezwa mwanzoni yalikuwa kwamba umbo lenye hatari hupitisha zinki kidogo, kwa hiyo dawa ingepaswa kuiongezea protini nguvu. Panya walionyimwa jeni hiyo hawakusaidia kumaliza ubishi, kwa kuwa katika maabara fulani sukari yao ilivurugika na katika nyingine haikubadilika sana.

Mwaka 2014 fikra hiyo ilipinduka. Uchunguzi wa watu wapatao 150,000 uligundua kwamba wale waliozaliwa na nakala moja ya SLC30A8 iliyoharibika walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili iliyo pungufu kwa takriban asilimia 65. Mwaka 2019, utafiti wa familia za Ufini zenye kasoro kama hiyo uliongeza kwamba watu hao hutoa insulini vizuri zaidi baada ya kunywa glukosi, na kwamba seli zao huigeuza proinsulini, yaani umbo la awali la insulini, kuwa insulini kwa ufanisi zaidi. Dawa inayotafutwa, kwa hiyo, ni ya kuizuia ZnT8, kinyume kabisa cha dhana ya awali. Kwa maoni yangu, ushahidi wa namna hii kutoka kwa binadamu una uzito kuliko majaribio mengi ya wanyama, kwa sababu watu hao wameishi na protini pungufu tangu kuzaliwa, jambo linaloashiria pia kwamba kuipunguza huenda kusilete madhara makubwa.

Bado hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya ZnT8, na sababu mojawapo ni mahali inapokaa: kizuizi kitapaswa kuvuka utando wa seli beta na kuifikia katika vijifuko vya ndani, bila kuzuia protini za ukoo wake zinazosafirisha zinki katika viungo vingine. Nafasi ya 325, kwa upande wake, imejitokeza tena kwenye vipimo vya aina ya kwanza. Baadhi ya kingamwili hutambua umbo lenye arjinini pekee, nyingine umbo lenye triptofani pekee, na maabara inayotumia umbo moja tu itawakosa baadhi ya wagonjwa.