Spika Mpya, Wimbo Uleule: Je, Raha Huongezeka?

Kwa miaka mingi nimekuwa nikifunga na kutengeneza vyombo vya sauti majumbani hapa Dar es Salaam, na hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hili: nikiongeza milioni mbili nikanunua spika kubwa zaidi, nitaufurahia muziki zaidi? Kwa kuwa riziki yangu inatokana na wanunuzi, ningepaswa kuitikia ndiyo na kuandika risiti. Ukweli niliouona ni kwamba hatua ya kwanza ya kubadilisha chombo huleta raha isiyo na ubishi, ilhali hatua nyingi zinazofuata humzoeza mtu kulinganisha kuliko kusikiliza.

Hatua hiyo ya kwanza ni rahisi kuieleza. Uzi mnene kabisa wa gita la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu, kwa udogo wa koni yake (ile sehemu inayotetema), haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kuitoa sauti hiyo. Ubongo hujitahidi kuikisia kutokana na sauti nyembamba zinazoambatana nayo, lakini mwili hauihisi. Mtu aliyezoea kusikiliza dansi la zamani kwenye simu, siku anapokaa mbele ya jozi ya spika za kawaida zenye koni ya inchi 6, hukutana na mpiga besi ambaye siku zote alikuwamo kwenye wimbo bila yeye kumjua. Nimewaona watu wakinyamaza katikati ya mazungumzo kwa sababu hiyo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa tofauti iko wapi.

Baada ya hapo kinachoharibu muziki kwa kawaida ni chumba. Mteja mmoja wa Mbezi aliniita akitaka sabufa kubwa zaidi kwa sababu aliyokuwa nayo, kwa maneno yake, ilikuwa "inanguruma tu, fundi, haiimbi." Sebule yake ilikuwa na vigae sakafuni, dari la jipsamu na madirisha mapana ya vioo, na nilipopiga kofi moja sauti iliendelea kulia kama niko ndani ya tangi la maji. Upana wa chumba ulikuwa mita 4. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, lina urefu wa takriban mita 8, nusu yake inaingia sawasawa kati ya ukuta na ukuta, na chumba hulikuza na kulishikilia hata baada ya mpigaji kuuachia uzi. Hiyo ni sauti jirani kabisa na ule uzi wa chini wa besi, na sabufa ilikuwa imesukumwa kwenye kona, mahali ambapo besi huvimba kuliko popote.

Nilimwomba ruhusa ya kuiweka sabufa juu ya kochi lake, pale anapokaa, kisha nikatambaa kandokando ya kuta nikitafuta mahali ambapo besi inasikika imetulia, huku watoto wake wakinicheka. Mahali hapo palikuwa karibu theluthi moja ya ukuta wa mbele, nasi tukaihamishia hapo, kwani spika na msikilizaji wakibadilishana nafasi, besi husikika vilevile. Juma lililofuata alitandika zulia zito na kutundika mapazia, ambayo hayaigusi sana besi lakini huituliza miangwi ya sauti nyembamba. Sabufa mpya hakuinunua, nami nililipwa nauli na chai.

Kuhusu wati, yaani kipimo cha nguvu ya amplifaya, nitasema kwa ufupi, maana maelfu yanayoandikwa kwenye maboksi ni mapambo zaidi kuliko vipimo. Kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili huongeza ukubwa wa sauti kwa desibeli 3 tu, ongezeko dogo sikioni, na ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji nguvu mara kumi hivi.

Kwenye vifaa vya bei ya juu ndiko macho na bei hulisaidia sikio kuliko mtu anavyotaka kukubali. Mwaka 2007 Meyer na Moran, wachunguzi wa sauti wa Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wasikilizaji walipigiwa rekodi za ubora wa juu, mara kama zilivyo, mara zikiwa zimepitishwa kwenye kiwango cha kawaida cha CD, bila kuambiwa ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, sawa na kurusha shilingi. Mimi mwenyewe nimefanya jambo kama hilo kwa amplifaya mbili zilizofunikwa kwa kanga ya mke wangu, moja ikiwa na bei mara sita ya nyingine. Nilipozisawazisha kwa ukubwa wa sauti, sikuweza kuzitofautisha. Nilipoipandisha ile ya bei nafuu kwa desibeli moja, niliisifu kwamba ndiyo yenye "uhai". Wauzaji wengine wanaijua vizuri hila hiyo.

Hasara niliyoipata kutokana na kupanda ngazi hizo haikuwa ya fedha peke yake. Kuna miaka nilikuwa siufikishi wimbo mwisho: nasikiliza matoazi kwa sekunde ishirini, nabadilisha waya, narudia zile zile sekunde ishirini. Siku moja nilipiga rekodi ambazo Siti binti Saad alizifanya Bombay kuanzia mwaka 1928, nami nikaona kwamba spika zangu za thamani zinanionyesha kwa uaminifu mkubwa mikwaruzo ya santuri, kwa kuwa sahani za zama zile hazikubeba sauti nyembamba sana wala nzito sana. Sauti yake haikunisogelea hata kidogo kuliko nilivyoisikia utotoni kwenye redio ya bibi yangu, iliyokuwa na spika moja na mkebe uliopasuka pembeni. Sasa rekodi hizo nazisikiliza jikoni, kwenye spika moja ndogo niliyoitengeneza kutokana na masalia ya karakana, na huwa nazifikisha mwisho.